Mpangilio wa Mama

Siku Bi Mwanaidi alipozikwa, bintiye Tatu aliamini kuwa sauti yake imekwenda naye. Nyumba huhifadhi kila neno linalosemwa ndani yake, lakini neno jipya hufungwa papo hapo, likabaki la msemaji peke yake, isipokuwa mwenye nyumba awe amebadilisha mpangilio.

"Mamako awafungie watu neno? Yule?" jirani yao, Bi Salha, akacheka. "Ewe nyumba, tupe Mwanaidi jikoni!"

"Tatu, tui hili umekamua nazi au umeiosha?" marehemu akafoka kutoka ukutani, na matanga yote yakaangua kicheko. Tatu akacheka mpaka akalia.

Kumbe mama aliuweka mpangilio wazi kwa mtaa mzima. Tatu ameurithi pamoja na nyumba, wala hajaubadilisha. Sasa akigombana na mumewe, asubuhi majirani humwambia nani alikosea.