Maneno ya Jambazi

Binti yangu alikuwa akinisugua goti kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akicheza mchezo wake wa kompyuta. Siku hiyo alikuwa jambazi.

"Leo mimi ni mbaya kabisa, Mama. Hata shetani ananipa shikamoo!"

Nikacheka. Kwenye skrini, bibi kizee mwenye mkongojo alimng'ang'ania jambazi, akimsihi asimwache njiani. Mchezo ulimtaka mchezaji aandike mwenyewe jibu. Binti yangu akaandika, herufi moja moja, kwa kidole kimoja.

"Umemwambiaje?" nikauliza, kama kawaida yangu.

"Nimemwambia apumzike, nitambeba. Jambazi na huruma zake!"

Hakujua kwamba kila jioni, yeye akiwa kazini, nilijikokota hadi darasa la watu wazima. Miaka mingi nilimwomba Mungu anijalie kusoma kabla hajanichukua. Nilitaka kumshangaza mwanangu.

Nikasogeza uso karibu na skrini. Midomo yangu ikayafuata maneno polepole, kama darasani.

*Bibi, nimechoka kukubeba. Bila wewe ningekuwa mbali sasa.*

Nikarudia, huenda nimekosea. Sikuwa nimekosea. Kidole gumba chake bado kilizunguka juu ya goti langu, taratibu, pale pale panapouma.

"Mama, bado panauma?"

Nilimwomba Mungu anipe sauti isiyotetemeka.

"Mbali wapi, mwanangu?" nikamwuliza. "Ungependa kwenda wapi?"