Swichi Chini ya Usukani

Mwasiti alikuwa mwanamke pekee aliyeendesha bodaboda katika mji ule. Adhuhuri moja abiria alimwinamia sikioni.

"Dada, kata kushoto."

Kushoto ilikuwa njia ya machimbo ya mawe, ambako siku hizo hakwenda mtu. Kwenye kioo cha pembeni aliona mkono wa yule bwana ukichomoa kisu kutoka ndani ya koti.

Kwenye njia panda wanawake walikuwa wakipalilia mihogo. Kidole gumba chake kikapapasa swichi ndogo aliyofungiwa na fundi ili wezi wasiweze kuiwasha pikipiki. Akaibonyeza. Injini ikazimika.

"Nini tena?"

"Imezima, kaka. Labda plagi."

"Iwashe!"

Akapiga kiki. Akapiga tena, jasho likimwingia machoni.

"Mwanangu, vipi huko?" mama mmoja akaita, akaja na jembe lake begani. Wenzake wakamfuata.

Yule bwana akashuka, akaficha kisu, akaenda zake kwa hatua ndefu.

Vidole vya Mwasiti vilikuwa vimeung'ang'ania usukani, mpaka yule mama akaanza kuvibandua kimoja kimoja.