Chimbuko la Wazo

Riwaya yangu ilikuwa imebakiza sura moja tu. Sikitu, mke wa mwashi, alitoroka nyumbani bila kuaga, na mwishoni msomaji angemkuta Mwanza akiuza vitambaa. Juzi, nikichambua mchele, wazo jipya likanijia: Sikitu hakwenda popote. Yumo chini ya msingi wa tangi la maji, uani kwake. Kuliingiza ni kubomoa kitabu kizima.

Sheria inakataza kuandika wazo kabla halijapimwa chimbuko, maana siku hizi mawazo huhama kati ya wanaolala chumba kimoja. Nikaenda ofisini, nikabandika paji la uso kwenye kipimo. Karani akanipa fomu.

"Si lako, dada. Ni la mumeo. Akitia sahihi, ruksa kulitumia."

La Badru? Mwanamume asiyesoma hata gazeti! Na mkewe wa kwanza, mama yake Rukia, mtaa mzima unajua kwamba aliondoka bila kuaga.

Nilimkuta uani, amekaa kivulini mwa tangi letu.

"Baba Rukia, kuna wazo lako kwenye kitabu changu. Wanataka sahihi."

Aliikunja fomu bila kuisoma, akaitia mfukoni. "Kitabu kimekaribia kwisha, mama. Usikivuruge."

Hakuuliza ni wazo gani.

Nimeshaamua: naanza upya, sura ya kwanza. Ila leo godoro langu nalihamishia chumbani kwa Rukia, uamuzi huu usije ukamfikia baba yake usingizini.