Kura ya Kumi na Tisa

Jikoni, Orval Hegstad alikuwa amekwisha kukata kwa penseli majina kumi na moja kwenye orodha ya wapiga kura.

"Lindquist siye," alisema. "Nilimzalishia kondoo wake kwenye theluji, huyo hawezi."

Verla, mkewe, akamimina kahawa, nusu ikaingia kikombeni, nusu mezani.

Kura za ubunge wa jimbo zilikuwa zimelingana, Orval elfu moja mia mbili na nne, mpinzani wake Clint Baumgartner vilevile. Kesho majina mawili yangetiwa kofiani, na litakalotoka ndilo la mbunge wa kwenda Cheyenne, makao makuu ya jimbo. Lakini kilichomchoma Orval ni kituo chao wenyewe, mbali na kwa akina Clint. Walioandikishwa ni kumi na tisa, wakapiga wote. Yeye akapata kumi na nane.

"Miaka ishirini nimewaendeshea watoto wao basi la shule. Nitamjua tu, bibie. Na nikimjua, mlango huu hataukanyaga tena."

Akakata jina la mchungaji. Akakata la Verla bila hata kulitazama, na Verla akachukua kitambaa, akafuta kahawa mezani.

Na kura ile ilikuwa ya Verla. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa, na mkono wake ndio uliomnyima. Bunge hukaa kipindi cha baridi, njia ya Cheyenne ni saa tano za barafu, na moyo wa Orval, daktari alishasema, ni dhaifu. Heri achukiwe na mume aliye hai kuliko kumzika anayempenda. Ila kuchukiwa nako, uzeeni, usiombe.

Asubuhi ukumbini karani alikung'uta kofia, na Verla hakujua amwombe Mungu lipi. Likitoka la Clint, Orval atamsaka msaliti mpaka kaburini. Likitoka la Orval, barafu.

Karani akafunua karatasi, akasoma, "Hegstad."

Makofi yakalia. Clint akampa Orval mkono, na Orval akacheka kama kijana wa juzi. Nadine, mkewe Clint, akaja machozi yanamtoka. Verla akamkumbatia, akamwambia pole, mwenzangu, Mungu hakupenda.

"Pole ya nini?" Nadine akamnong'oneza. "Mume wangu macho yamekwisha, na barabara ile ya Cheyenne unaijua. Kura yangu nilimpa wako."