Silinda Nane Getini

Gari la Kibwana na la jirani yake Shaweji yalikuwa pacha, rangi moja, injini ya silinda nane. Ila la Kibwana likifika tambarare lilizima silinda nne lenyewe ili kubana mafuta, likabaki linanong'ona kama mgonjwa. Shaweji alichomeka kidude cha kuzuia silinda zisizimike chini ya usukani, zote nane zikawa macho. Akipita, vikombe vilicheza ngoma kabatini, na kuku walitaga kabla ya siku zao.

"Hilo ndilo gari!" Sikudhani, mkewe Kibwana, husema. "Lako, mume wangu, laingia kama mwizi."

Wivu ukamkaba Kibwana. Akanunua kidude kama kile, akakichomeka, akarudi nyumbani mchana akinguruma mtaa mzima.

Geti, ambalo siku zote Kibwana hushuka kulifungua mwenyewe, lilifunguliwa kabla hajapiga honi. Sikudhani alisimama pale na kanga mpya, wanja machoni, mwanga wa jua kwenye kioo cha gari ukimpofusha.

"Leo umewahi, Shaweji! Ingia upesi, mwenyewe hajarudi."

Mkono wa Kibwana ulikuwa juu ya ufunguo, na silinda zote nane zilikuwa macho.