Pengo la Kinyundo

Aliyelala kwenye kiti cha daktari wa meno alikuwa dada mkubwa, lakini aliyetetemeka ni mdogo wake, huko nje kwenye benchi, mkoba wa dada mapajani. Kila keekee ilipolia nyuma ya mlango, alikaza meno yake mwenyewe.

"Wasiwasi wa nini, mama?" muuguzi alimwuliza akipita. "Skrubu mbili tu kwenye taya. Mfupa ukishazishika, baada ya miezi michache anavishwa meno juu yake. Atatafuna hata mawe."

"Mimi ndiye niliyemng'oa yale ya zamani."

Muuguzi alidhani ni utani. Akacheka, akaenda zake.

Haukuwa utani. Alikuwa na miaka mitatu, dada yake tisa. Aliokota nyundo ya baba, akaivurumisha, ikamfika dada mdomoni. Meno mawili ya mbele, ya chini, yakaenda na maji. Yeye hakukumbuka lolote. Mtoto wa miaka mitatu akumbuke nini? Mama yao alifariki mwaka uliofuata, na baba, dereva wa malori, nyumbani alikuwa mgeni. Aliyesimulia ni dada mkubwa, na alijua kusimulia: damu kwenye gauni, kilio, meno mchangani. Ndiye pia aliyempa mdogo wake jina la Kinyundo. Mtaa mzima ukalidaka, wengi wasijue lilikotoka.

Kinyundo akakua akifidia. Mnofu ulikuwa wa dada, mfupa wake. Chumba chenye dirisha cha dada. Baba aliposema uwezo wa kusomesha ni wa mtoto mmoja, Kinyundo ndiye aliyefunga daftari, akajifunza kushona sare za wanafunzi.

Kisha akaja fundi saa, mwanamume mpole mwenye kucha safi, akamposa. Dada mkubwa hakugomba. Alifunika mdomo kwa kiganja, akasema taratibu:

"Nenda, Kinyundo. Mimi na pengo hili nani atanitaka? Nitazoea kula peke yangu."

Kinyundo hakwenda. Fundi saa alisubiri miaka minne, akaoa kwingine. Juzijuzi walikutana dukani, ameshika mkono wa mjukuu. Wakasalimiana, wakaulizana hali, kila mmoja akashika njia yake.

Mwaka huu, akiwa na miaka arobaini na minane, Kinyundo aliuza mbili kati ya cherehani zake tatu, akabaki na moja.

"Dada, twende ukapandikizwe meno."

"Achana nayo. Uzee huu meno ya nini?"

"Dada, nakuomba. Nataka nikuone ukicheka bila kujiziba, hata mara moja, kabla hatujafa."

Wiki tatu alibembeleza. Wiki tatu dada mkubwa alipiga chenga: leo kichwa, kesho mvua, keshokutwa daktari mwenyewe mtoto mdogo. Mwishowe majirani waliposikia na kuanza kumpa hongera, akakosa pa kukimbilia.

Keekee ikanyamaza. Mlango ukafunguliwa, muuguzi akatoka na faili.

"Zimekaa vizuri sana. Sasa, kabla hatujampa dawa za kwenda nazo: yeye ana ganzi, hawezi kusema, na kwenye fomu aliyojaza asubuhi, sehemu ya dawa zinazomdhuru aliiacha wazi. Unazijua?"

"Penisilini. Humvimbisha uso mzima."

"Niandikie hapo chini, kisha utie sahihi."

Kinyundo akashusha pumzi. Miaka arobaini na mitano kifua kimembana, leo kimefunguka. Machozi yakamlengalenga, akayapangusa kwa upande wa kiganja, asije akalowesha karatasi ya watu. Akaandika jina la dawa kwa herufi kubwa, akatia sahihi.

Alipokuwa akiirudisha fomu, macho yake yakapita juu ya maswali, na mwandiko wa dada yake ulikuwa wazi, haukumsumbua kuusoma.

*Chanzo cha pengo:* Hayakuwahi kuota. Nimezaliwa hivi, kama mama.

*Ndugu wengine wenye tatizo hili:* Hakuna. Mdogo wangu aliota yote.