Daktari wa Mama Orpa

Askari wa kizuizi alimrudishia Mama Orpa kitambulisho chake bila hata kukitazama. Cha Gérard alikigeuza mbele na nyuma, akamkazia macho mwenyewe, akakigeuza tena.

"Huyu ni docteur!" Mama Orpa alimwambia kutoka juu ya pikipiki. "Tunapanda Butembo, ku faculté. Unatuchelewesha, kesho ukigonjwa utamulilia nani?"

Askari akacheka, akawafungulia njia.

Docteur hakuwa bado. Gérard alikuwa amefika nyumbani kwa Mama Orpa, kule Mulekera, na sanduku moja na digrii ya biolojia kutoka Liège, Ubelgiji. Huko alijaribu mtihani wa kuingia udaktari, akaanguka; akaurudia, akaanguka tena. Lakini Mama Orpa, mjane mwenye shamba la kakao na sauti ya kuongoza kwaya, hakuwa mtu wa kusumbuliwa na mambo madogo kama hayo. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatangaza kwamba Mungu amemletea daktari nyumbani.

Tangu hapo mlango wake haukupumzika. Gérard alikuwa mwalimu tu wa biolojia katika shule ya kanisa, lakini watu walimletea macho mekundu, vidonda, matumbo ya kuhara, hata mbuzi aliyekataa kula. Wote aliwashauri wanywe maji yaliyochemshwa. Wote wakapona, na mbuzi pia.

Kwa hiyo kilichobaki ni faculté ya udaktari ya Butembo kukubali jambo ambalo Mulekera nzima ilikwisha kulijua.

Butembo kulikuwa na baridi. Gérard alivaa suti ya buluu iliyoshonwa na fundi wa mtaani kwao, na Mama Orpa kitenge cha kwaya. Barabarani watu waliacha biashara zao wakageuka kuwatazama. Mama Orpa alijua ni ile suti.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Katikati aliketi Professeur Lusenge, mwenye miwani na skafu shingoni. Ukutani nyuma yake zilining'inia diplome zake za Ulaya, na picha yake akiwa kijana, amesimama kwenye theluji, peke yake, hacheki.

"Diplome yako ni ya inje," Lusenge alisema, akiishika digrii ya Gérard kwa pembe kama mtu anayetoa panya ndani ya unga. "Masomo ya kule sisi hatuijue. Pengine mulisoma, pengine mulicheza."

"Nilisoma, Professeur."

"Bote banasema vile. Na huko ulianguka mutihani. Donc ulifikiri huku kwetu tunaingia kwa dirisha?"

"Hapana, Professeur."

"Utaanza na mwaka wa kujitayarisha. Kama tunakukubali."

Mama Orpa akaguna. Kule Mulekera digrii ile ilikuwa imepita mkono kwa mkono, na watu walinawa kwanza kabla ya kuigusa.

Akafuata Professeur Kaswera, mwanamke mwenye miwani minene. "Na luga? Mugonjwa anakuambia, 'Mwili yote inavunjika-vunjika.' Ameangukia wapi?"

"Hakuanguka popote, Professeur. Ana homa. Kwanza nitampima malaria." Halafu akamsalimia kwa Kinande, taratibu, silabi baada ya silabi, kama Mama Orpa alivyomfundisha wakimenya mihogo.

Kaswera alitaka kutabasamu, akajizuia. "Anajua. Mais Kiswahili yake ni ya Biblia."

"Nani anamushikilia?" Lusenge akauliza. "Chakula, nyumba, masomo?"

Mama Orpa akasimama. "Ni mimi. Kakao yangu iko inazaa."

"Ni mutoto yako?"

"Uliza Mulekera yote."

"Ninauliza damu, mama."

"Damu ni kazi ya laboratoire, Professeur. Mimi niko mama yake."

Mjumbe wa tatu, ambaye muda wote alikuwa na simu yake, aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Ukimaliza masomo, utatumikia wapi?"

Gérard hakufikiri. "Mulekera. Nitafungua kliniki karibu na kanisa. Sitaki kwenda mahali pengine."

Machozi yalimlengalenga Mama Orpa. Aliwatazama wale watatu akitarajia kuona ya kwao. Wao walikuwa wakitazamana kama watu waliomkamata mwizi mlangoni.

Lusenge alivua miwani. Akarekebisha skafu yake. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa na upole mkubwa, na maneno yalimtoka bila kutafutwa, kama vile yeye mwenyewe aliambiwa hayo zamani, akayakariri yote.

"Mutoto yangu, tunashukuru sana kwa mapendo yako. Mais nafasi ni kidogo, na batoto ya hapa ndiyo ba kwanza. Kwenu kule Liège bazee beko bengi, na banganga ni kidogo. Ukibaki huku, nani atabatunza? Rudi, mutoto, ujenge inchi yenu."

Gérard akawa mwekundu kama nyanya, kuanzia kola ya suti mpaka kwenye mizizi ya nywele zake za njano, na Mama Orpa akamshika mkono kama anayemvusha mtoto barabara.